Kipimo cha Mguu wa Kaka Yako

Riziki mwanangu,

Salamu tumekwisha kupeana, na dua nitakuombea kesho mbele ya watu basi likiwa tayari kuondoka. Kwa hiyo karatasi hii haina salamu wala dua. Ina habari moja ambayo nimeshindwa kuisema tangu ulipokuwa mtoto wa kubebwa. Jioni hii nakusikia chumba cha pili ukicheka na shangazi zako mkifunga masanduku, na nimejua kwamba nisipoiandika sasa sitaiandika tena.

Maagizo sikupi. Shangazi zako wamekufunda siku saba, na yale waliyokuambia mimi siyajui na sitakiwi kuyajua. Mumeo Salimu ni kijana mwenye adabu, anauza vipuri vyake bila kelele, na Mombasa anaijua kama kiganja chake. Chakula, nyumba, majirani, hayo yote mtajipangia wenyewe. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote na nimeagiza watoto wa watu hadi sauti ikakauka. Leo nataka kukueleza jambo nililolikosea mimi.

Nianze na uongo wa mwisho, kwa sababu ulikuwapo uliposemwa. Ulikuwa nyuma ya pazia umefunikwa kanga, siku ya nikahi yako, wiki tatu zilizopita. Sheikh Mbaruku alikaa mbele yangu hapa hapa sebuleni, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, wewe ni baba yake wa kumlea, na baba yake wa kunyonya. Hilo halikupi uwalii. Binti Hamadi ana ndugu wa kiume?"

"Hana."

"Ami? Watoto wa ami?"

"Hawajulikani, sheikh."

"Ndugu wa kiume hana kabisa, hata wa baba mmoja?"

"Hana."

Akasema basi, asiye na walii, walii wake ni hakimu, na akakuozesha yeye. Shangazi yako mkubwa akatia utani: "Maskini Mwalimu, kanyang'anywa binti na sheikh kabla bwana harusi hajafika." Watu wakacheka, nami nikacheka. Usiku ule uliniuliza, "Baba, kwani wewe hukutaka kuniozesha?" Nikakukalisha nikakueleza habari ya nasaba na ya kunyonya, kwamba maziwa huharimisha ndoa lakini hayaleti urithi wala uwalii. Ulitikisa kichwa ukaridhika. Kila neno nililokuambia lilikuwa sahihi.

Una ndugu wa kiume, Riziki. Ni wa baba mmoja na mama mmoja. Jina lake Omari Hamadi. Kama yu hai, anakuzidi miaka mitano. Yeye ndiye aliyestahili kukaa pale alipokaa sheikh.

Ndoa yako isikutie shaka. Nimelisoma suala hili mara nyingi kuliko nilivyosoma kitu kingine chochote. Walii asiyejulikana aliko, hakimu husimama mahali pake. Maana yake ni kwamba kama ningesema kweli siku ile, nikasema, "Anaye kaka, lakini sijui aliko," Sheikh Mbaruku angefanya vilevile alivyofanya. Nililijua hilo wakati mdomo unatamka. Uongo wangu haukuhitajika hata kidogo. Niliusema kwa sababu ulikuwa nyuma ya pazia na ungesikia.

Sasa nikurudishe nyuma.

Unajua kwamba mama yako Mwanasha alijifungua kabla ya kukupata wewe, na kwamba yule mtoto hakuishi. Aliishi siku nane. Usichojua ni habari ya maziwa. Mtoto alizikwa, maziwa yakaendelea kuja. Wanawake walimfunga kifua kwa kitambaa, wakamkanda kwa majani, hayakukauka. Asubuhi alikuwa akiamka nguo imelowa, anakaa kitandani anaiangalia. Nyumba yetu hii ya Makorora, hapa Tanga, ilikuwa na harufu ya maziwa na haina mtoto. Dada yake aliyeolewa Mombasa ndiye aliyetuletea habari: katika nyumba moja ya yatima kule kuna kichanga cha kike, mama yake amefariki siku chache baada ya uzazi, na baba alikuwa Mpemba fundi wa kujenga, naye ameanguka kwenye jengo akafa. Hakuna jamaa aliyejitokeza. Mwezi wa Desemba shule zilipofungwa tukaenda.

Siku zile kwenda Mombasa hatukukuhesabu kuwa ni kwenda ng'ambo. Mtu alipanda basi asubuhi, akala chakula cha mchana kwa shemeji yake. Mpakani tulisimama kidogo, askari akatazama vitambulisho, akatutakia safari njema. Nakueleza haya ili uelewe kwa nini neno "nitarudi" lilikuwa jepesi kinywani mwangu. Lakini ilikuwa nchi nyingine, ina kadhi wake na karatasi zake, na tulizunguka siku nne na barua ya sheikh wa hapa na barua ya mwalimu mkuu wangu, mpaka tukapewa ruhusa ya kukuchukua kukulea.

Ile nyumba ilikuwa ndefu, ya mawe, na ndani ina ukumbi mmoja uliotandikwa mikeka. Nilidhani nitakuta watoto wanacheza. Nilikuta wamekaa. Tulipoingia, wale wakubwa walijipanga wenyewe bila kuambiwa na mtu, nyuso zimepakwa mafuta, wakanyoosha migongo. Walijua mgeni ni nini. Mmoja wao, msichana, alishika mkono wa shati langu akaukunjua vizuri, akaanza kuupiga pasi kwa kiganja chake, polepole, kama mtu anayetaka kuonyesha kwamba anajua kazi. Bi Mize, mama aliyekuwa akiwasimamia, akaniambia, "Mwalimu, usiwatazame sana usoni kama huwachukui. Hushika tumaini." Nikatazama ukuta. Nimewafundisha watoto miaka mingi tangu siku ile, na nadhani sijaacha kutazama ukuta.

Walikuleta. Mama yako hakusubiri karatasi, hakusubiri hata kuambiwa jina. Alikaa kwenye mkeka, akageukia ukutani, akakupa ziwa. Ulinyonya kama mtu aliyetoka jangwani. Mama yako alilia bila sauti, na mimi nikasimama nikihesabu, maana nilijua sheria inataka mara tano za kushiba kabla ya miaka miwili, na nilitaka kila moja iwe na shahidi.

Hapo ndipo nilipomwona yeye. Alikuwa amekuja nyuma ya aliyekubeba, ameshika pindo la kitambaa chako. Uliponyonya hakuliachia. Alikuwa mwembamba, kichwa kimenyolewa, shati la mtu mzima limefika magotini.

"Huyu ndiye nduguye," Bi Mize akasema. "Omari. Hatuwezi kumlaza mbali na huyu mtoto, hulala palepale chini. Mwawachukua wote wawili?"

Mama yako akageuza shingo akanitazama. Alikwisha kujibu moyoni, alikuwa ananingoja mimi tu.

Nikaanza kueleza. Nilikuwa na miaka thelathini na nne na nilikuwa najua mambo mengi. Nikamweleza Bi Mize kwamba kichanga akinyonya huwa mwanetu wa maziwa, hakuna pazia kati yake na sisi. Lakini mtoto wa miaka mitano amepita umri wa kunyonya. Akikua atakuwa mwanamume wa kando ndani ya nyumba, na mke wangu atalazimika kujifunika mbele yake. Nikasema hayo mtoto mwenyewe akisikia.

Bi Mize alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, si kicheko cha furaha. "Mwalimu, huyu hata meno ya utoto bado hayajamng'oka, nawe waogopa ndevu zake?"

Omari akajibu kabla yangu. Alidhani shida ni chakula. "Mimi sinyonyi," akaniambia. "Mimi nala ugali. Nala kidogo tu. Bi Mize, mwambie."

"Kweli hula kidogo," akasema Bi Mize.

Sijawahi kuandika maneno hayo mahali popote mpaka leo. Nimeyabeba tu.

Nikukumbushe jambo ambalo nawe umelisoma chuoni: hakuna sheria inayomkataza mtu kumlea yatima. Iko thawabu yake, na kujifunika mtandio ndani ya nyumba si msiba. Mama yako aliniambia hivyo usiku ule kwa dada yake, kwa maneno machache: "Nitavaa mtandio, mume wangu. Kwani mtandio una uzito gani?" Nilimwambia basi, tumchukue kichanga kwanza azoee, kisha nitarudi mwenyewe kumchukua Omari kabla shule hazijafunguliwa. Akafurahi. Nami nusu yangu nilikuwa nasema kweli.

Siku ya kuondoka Omari alitufuata mpaka kizingitini. Hakulia. Aliuliza, "Na mimi lini?" Nikamwambia siku chache tu. Akanitazama, na nikaona haniamini, kwani wangapi walikwisha kumwambia siku chache. Nikatafuta kitu cha kumwaminisha. Bi Mize alikuwa anasuka mkeka, miguuni pake kuna kindu zilizokauka. Nikachukua ukindu mmoja, nikachutama, nikamwambia, "Weka mguu hapa." Nikaupima mguu wake kutoka kisigino hadi ncha ya kidole, nikakata kwa meno. "Nitakuletea viatu. Nikija navyo utavivaa, tutaondoka."

Nawe unajua desturi yetu. Mtu hapimwi mguu mchezo mchezo. Baba akienda mjini hubeba kipimo cha mguu wa mwanawe mfukoni, na aliyepimwa hukaa akijua kwamba kiatu kiko njiani. Omari alilijua hilo. Uso wake ulifunguka. Akauliza, "Vya kufunga kamba?" Nikasema ndiyo, vya kufunga kamba. Akarudi ndani akitembea taratibu, akiuangalia ule mguu uliopimwa kana kwamba umekuwa wa mtu mwingine.

Kwenye basi mama yako akakuita Riziki. Kule ulikuwa ukiitwa Fatuma. Omari alikuwa akikuita Fatu.

Nilinunua viatu. Usije ukadhani sikununua. Juma la pili baada ya kurudi nilikwenda dukani na ule ukindu, nikachukua vyeusi vya ngozi, vya kamba, vikubwa kidogo ili akue navyo. Nikaviweka juu ya kabati katika boksi lake. Kisha nikaanza kuchelewa. Mara paa linavuja, mara nasubiri mshahara, mara shule zimefunguliwa na darasa halina mwalimu mwingine. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Mama yako aliliangalia lile boksi kila alipofungua kabati.

Sababu nitakuambia wewe, na wewe ndiye wa kwanza kuisikia. Wewe ulikuwa hukumbuki kitu. Ukiamka ulikuwa ukiniona mimi, ukicheka ulikuwa ukinichekea mimi. Yeye alikuwa anakumbuka. Alikuwa na baba, alijua sura yake na alivyokohoa. Angeingia humu ndani, na siku moja, mkicheza uani, angekuambia, "Huyu si baba yetu." Nilitaka mtoto asiyejua lolote kabla yangu. Niliificha tamaa hiyo ndani ya fiqhi, na fiqhi haikuwa na hatia.

Wiki saba zilipita. Jioni moja redio ikatangaza kwamba mpaka umefungwa. Ile jumuiya ya nchi tatu ilikuwa imevunjika, wakubwa wamegombana, na kutoka hapa kwenda Mombasa hapapitiki tena. Mama yako alikuwa anakuogesha. Akakaa chini palepale kwenye maji. Nilimwendea, nikamshika bega, nikamwambia maneno ya kumtuliza kwamba haya ni ya muda.

Na moyoni, mwanangu, nilifurahi. Niliona mzigo umetuliwa. Serikali ilikuwa imefunga mlango, basi mkono wangu haukuwa na lawama. Nililala vizuri usiku ule. Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo ninalolirudia zaidi, kwamba nililala vizuri.

Kisha ikaja ile miaka unayoikumbuka kwa mbali. Vita, kisha maduka yakabaki mbao tupu. Sabuni ilikuwa kwa foleni, unga wa njano kwa foleni, na walimu tulikuwa tukiacha darasa kwenda kupanga mstari. Mama yako alifua kwa majivu. Katika dhiki hiyo nilikuwa na mwalimu ndani yangu anayenifundisha kila siku kwamba nilitenda vyema, kwamba mdomo wa nne ungetumaliza. Siku moja nilisema hivyo kwa sauti. Mama yako alikuwa akipepeta mchele wa kikombe kimoja. Hakuinua uso. "Wewe wajua sana sheria, mume wangu," akasema, "na wajua sana hesabu. Lakini viatu vyake viko kabatini."

Ulipotimiza miaka saba ilikuwa uanze darasa la kwanza. Viatu havikupatikana Tanga nzima kwa njia ya halali. Watoto wengi walikwenda peku. Wewe ulikwenda na viatu vyeusi vya ngozi, vya kamba, na majirani wote walishangaa Mwalimu kavipata wapi. Ulikuwa ukivipangusa kwa kanga ya mama yako kila jioni. Ulivipenda mpaka ulipowaonea haya wenzako, ukavivua njiani ukavibeba mkononi ili ufanane nao, na mimi nikakugombeza. Vilikuwa vyake. Nilivitoa kabatini mwenyewe, mama yako akiwa sokoni. Aliporudi akakukuta umevivaa, akaingia chumbani akafunga mlango.

Mpaka ulikuwa umefunguliwa wiki chache kabla ya hapo.

Nilipaswa kwenda siku ileile. Nilikwenda miaka minne baadaye. Mama yako ndiye aliyenisukuma, na wakati huo maradhi yake yalikuwa yameanza. Nyumba ya yatima niliikuta, imepakwa chokaa mpya, na Bi Mize nilimkuta, macho yameingia ukungu. Nikamwamkia, nikamwambia mimi ni Mwalimu wa Tanga.

"Wa viatu," akasema.

"Ndiye."

"Umekuja navyo?"

Nikasema sikuja navyo.

Akanieleza bila hasira, na ingekuwa afadhali hasira. Mwaka wa kwanza Omari alikataa kupewa ndara, akisema vyake vinakuja. Kila Ijumaa alikuwa akiosha miguu na kukaa kizingitini, kwa sababu sisi tuliondoka siku ya Ijumaa. Walikuja watu wawili kutaka kumchukua, mke na mume wa Kilifi, watu wazuri, akajificha jikoni. Aliwaambia yeye amekwisha kupimwa. Waliposikia kwenye redio kwamba mpaka umefungwa, Bi Mize alimweleza, naye akauliza mpaka ni nini. Miaka ikapita. Watoto wenziwe walimfanya kichekesho, walikuwa wakimwita Kiatu. Alikuwa na miaka kumi na miwili redio iliposema mpaka umefunguliwa. Alingoja mwezi mzima. Kisha akamwambia Bi Mize, "Huenda amesahau njia. Nitakwenda mimi." Asubuhi hawakumkuta. Alikuwa amedandia lori la kuja huku.

"Hakufika kwako?" Bi Mize akaniuliza.

Nikasema hakufika. Akasema, "Hakujua jina lako. Alijua Mwalimu tu."

Nilirudi Tanga nikaanza kuuliza, kimya kimya, shule hadi shule. Katika shule moja, ambayo si yangu, mlinzi mzee alikumbuka. Alikuwa akinisimulia kama kisa cha kuchekesha.

"Kilikuja kitoto cha Kimombasa, wiki ya kufungua shule, ile miaka ya tabu. Kiko peku, miguu imepasuka. Kikanambia, 'Shikamoo babu, namtafuta Mwalimu.' Nikakiambia, walimu hapa wako tisa, wamtaka yupi? Kikasema, yule aliyemchukua Fatuma. Nikakiambia, akina Fatuma hapa wako hamsini, chagua. Basi kikafikiri, kikaniuliza, 'Hakuacha viatu vyangu hapa?' Nikacheka, wallahi. Nikakiambia, hii shule bwana, si duka. Kikakaa hapo nje hadi jua likawa kali, kikaenda."

"Kikaenda wapi?"

"Ah, Mwalimu. Mtoto wa njiani huenda wapi?"

Ilikuwa wiki ya kufungua shule, Riziki. Wiki ileile. Ulikuwa maili mbili kutoka pale, umevaa viatu vyake, na jina alilokuwa akikutafutia nilikwisha kulifuta.

Nyumbani mama yako alikuwa amelala ubavu, ananisubiri. Nikamwambia nimepata habari njema: Omari alichukuliwa na jamaa zake wa Pemba muda mrefu uliopita, yuko kwenye karafuu, ana hali nzuri, amekwisha kuwa kijana. Alifunga macho akasema alhamdulillahi. Tangu siku hiyo alikuwa akimtaja katika dua zake kama mtu aliyefika salama. Alifariki akishukuru kwa jambo ambalo halikuwapo. Nimejaribu kujiambia kuwa huo ulikuwa uongo wa huruma. Lakini mtu mwingine angeweza kunisaidia kutafuta, na huyo alikuwa yeye, na nilimnyamazisha.

Sijui aliko. Sijui kama yu hai. Huenda alirudi Mombasa na kesho kutwa atapita mbele ya duka la mumeo. Huenda hakuondoka hapa kabisa, na wewe unaondoka kwenye mji aliokuja kukutafuta. Siku hizi njia za mjini zimejaa viatu, mitumba ya kila nchi imemwagwa chini, mtu achague. Vya watoto hutundikwa kwa kamba zake. Mimi huvuka upande wa pili wa barabara.

Sikuombi unisamehe. Nikikuomba nitakuwa nimekupa kazi nyingine ya kunifanyia, na umekwisha kunifanyia kubwa, umeniita baba miaka yote. Sikuambii umtafute, kwa kuwa sijui kama kumtafuta kutakuponya au kutakuvunja. Wala sikuambii ukae kimya mbele ya Salimu. Nilichojifunza ni kidogo, na kimenigharimu mtoto wa mtu: ukijiona unaeleza sana, mwanangu, unaeleza vizuri, na kila neno ni sahihi, acha kusema, ujiulize ni mtu gani amesimama mlangoni nawe humtazami.

Kuna alama moja. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniuliza kwa nini kidole chako cha pili cha mguu kimezidi kidole gumba, na wenzako wakikucheka kwamba utamtawala mumeo. Nilikujibu kuwa ndivyo Mungu alivyokuumba. Nilipompima Omari ilinibidi nivuke kidole gumba, nikakate kwenye ncha ya kidole cha pili. Ni mguu uleule. Ni wa baba yenu, nadhani, au wa mama yenu. Hakuna aliyebaki wa kutuambia.

Ule ukindu ninao. Nimeuhamisha kutoka kitabu hiki kwenda kingine miaka yote hii, na sasa umo ndani ya bahasha, nyuma ya karatasi hizi. Ni mfupi kuliko utakavyodhani. Nilisema sikupi maagizo, lakini hili moja nakuomba: usiukunje. Umekauka, utavunjika.

Baba yako wa kukulea,
Mwalimu